Sukari ya Suluhu

— Paukwa!

— Pakawa kitu!

— Kitu gani hicho?

— Useme wewe mwenyewe!

— Kitu kitamu!

— Tupe tulambe!

— Mwisho wake mchungu.

— Tupe hivyo hivyo!

Haya, mmetaka wenyewe. Atakayekunja uso mwishoni asinitazame mimi. Nimekwisha kuonya, na mimi sirudishi machozi ya mtu.

Hapo kale, kando ya mto, palikuwa na kinu cha kukamulia miwa. Kinu chenyewe kilikuwa magogo mawili yaliyosimama bega kwa bega, na juu yake boriti ndefu. Boriti ikivutwa, magogo yanazunguka, kriii-kro, kriii-kro. Muwa ukipita katikati unatoka bapa, na maji yake yanamiminika kwenye karai. Karai liko motoni, putu, putu, putu, mpaka maji yanakuwa uji, uji unakuwa ulimbo wa kunata, ulimbo unakauka unakuwa sukari guru. Ikipoa, inafinyangwa vibonge.

Mwenye kinu alikuwa Kiboko. Kiboko mnamjua, tumbo mbele, mkia haba, na kinywa akikifungua utadhani mlango wa ghala. Wafanyakazi wake walikuwa wawili. Punda alivuta boriti. Nguchiro, mdogo wa mwili na mwepesi wa vidole, aliingiza miwa.

Sasa tegeni sikio. Anayeingiza miwa, mkono wake unafika mdomoni mwa kinu. Muwa ukikwama, ni lazima auchomoe. Na akiuchomoa huku magogo yanazunguka, kinu hakiulizi kama huu ni muwa au ni mkono. Ndiyo maana wale wawili walifanya kazi kwa kuitana.

"Zunguka!"

"Nazunguka!"

"Muwa huo!"

"Na uingie!"

"Simama!"

"Nimesimama!"

Punda akisema nimesimama, Nguchiro hakugeuka kuhakikisha. Alitia mkono kinuni mpaka kwenye kiwiko. Misimu tisa walifanya hivyo, na misimu tisa Nguchiro alikuwa na vidole vyake vyote.

Kila jioni walikaa kando ya karai wakagawana kibonge kimoja, nusu huku, nusu huku. Jioni moja Nguchiro akasema, "Sahibu, mbona ghala halijai? Tunafinyanga kila siku, na kila siku naona sakafu."

Punda akatikisa masikio. "Hata mimi nimeona. Kesho tukamuulize Mzee Kiboko. Twende wote wawili."

"Twende wote wawili."

Na ghala lilikuwa likiliwa na nani? Msinitazame hivyo, mnamjua. Wenzake wakiwa juani, yeye alijifungia mle ndani, ngwamu, ngwamu, ngwamu. Na jioni ile alikuwa humo humo, nyuma ya ukuta wa matete, mashavu yamejaa, akasikia kila neno.

Asubuhi kulipopambazuka akamfuata Punda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unajua mimi sipendi umbea."

"Najua, Mzee."

"Umbea naukataa kabisa. Lakini Nguchiro anasema unazunguka kama bibi kizee aliyepoteza sindano."

Akamfuata na Nguchiro.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unajua mimi sipendi umbea."

"Najua, Mzee."

"Umbea naukataa kabisa. Lakini Punda anasema kazi yote ni ya kifua chake, wewe ni kupe tu uliyejishikiza."

Siku ile hakuna aliyekwenda kuuliza habari za ghala. Na jioni yake hakuna aliyegawana kibonge na mwenziwe.

Siku ya tatu wakatukanana mbele ya kinu mpaka ndege wa mtoni wakaruka. Kiboko akaja mbio, dub, dub, dub, uso umejaa huruma.

"Wanangu, wanangu! Hapa kazini sisi ni nyumba moja. Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Kaeni chini, nitawasuluhisha. Ila msuluhishi kwanza hulainishwa ulimi. Ulimi mkavu hutoa hukumu kavu."

Punda akatoa kibonge katika fungu lake la ujira. Nguchiro akatoa kibonge katika fungu lake. Ngwamu, ngwamu, ulimi ukalainika.

"Nguchiro, ulimwita mwenzako bibi kizee?"

Nguchiro akapigwa na butwaa. Neno hilo hakuwahi kulisema, hata kuliota hakuliota. Akamtazama Punda, akaona Punda anamtazama kama mgeni. 

"Nauliza mara ya pili. Ulimwita?"

Alitaka kusema hapana, kikatoka kikohozi.

"Mara ya tatu. Ulimwita?"

Machozi yakamtoka Nguchiro, neno halikutoka.

"Basi," akasema Kiboko. "Kwenye kikao changu, anayeulizwa mara tatu asijibu amekubali. Ndiyo sheria."

Punda akainamisha kichwa. Mpaka dakika ile alikuwa na tumaini kidogo kwamba ni uongo.

"Na mpaka hasira ziwatoke," Kiboko akaendelea, "ni marufuku kusemeshana. Mwenye neno kwa mwenziwe aniambie mimi, nami nitamfikishia."

Basi wakarudi kazini. Kati ya mahali pa Nguchiro na mahali pa Punda palikuwa na hatua kumi. Lakini neno sasa lilizunguka kwanza kwenye kiti cha Kiboko.

"Mzee, mwambie azunguke."

"Punda, umeambiwa uzunguke."

"Mzee, mwambie nazunguka."

"Nguchiro, umeambiwa anazunguka."

Mnacheka? Chekeni. Wengine wenu kesho asubuhi mnakwenda kufanya hivyo hivyo, tena mkiwa mmevaa viatu.

Kila wiki kikao kiliitishwa kuona kama hasira zimetoka. Kila wiki Kiboko alilainishwa ulimi, na kila wiki alikuta hasira zipo, maana alizitia mwenyewe siku moja kabla. Mmezoea kuambiwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Pale zilipigana nyasi, na fahali akala huku na huku.

Siku moja, jua la utosi, muwa mnene ukakwama.

"Mzee, mwambie asimame."

Kiboko alikuwa kitini, kinywa kimejaa. "Ngwamu," akasema.

"Mzee, mwambie asimame!"

Kiboko akainua mguu mmoja, maana yake subiri nimeze.

Lakini mkono una mazoea yake. Kwa misimu tisa ulikuwa ukisikia neno la kusimama, unaingia. Nguchiro alilitamka, nao ukaingia. Kriii-kro. Magogo yakashika ukucha. Nguchiro akasahau marufuku, akasahau hasira, akampigia Punda ukelele.

"Simama!"

Kriii-kro.

"Sahibu, simama!"

Kinu kikasimama. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda na muwa.

Kikao kikaitishwa. Hata siku ile, jamani, hata siku ile Kiboko alitaka kulainishwa ulimi, na Nguchiro akatoa kibonge kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umefungwa kitambaa.

"Punda," akauliza Kiboko, "alipokuita mara ya kwanza ulisikia?"

Punda akafungua kinywa.

"Hakusikia!" Kiboko akadakia, maana alitaka kinu kizunguke kesho yake. "Kinu kina kelele. Ni ajali ya kazi. Kesi imekwisha."

Nguchiro akamtazama Punda. Punda alikuwa akitazama chini. Na tangu saa ile kilichomuuma Nguchiro zaidi ya mkono kilikuwa swali moja: alisikia, au hakusikia? Alilala nalo, akaamka nalo, akila analikuta sahanini. Kama hakusikia, basi vidole ni vidole, vimekwenda, dunia ina mengi. Kama alisikia, basi ile misimu tisa ilikuwa nini? Alitaka kujua, na alitaka jibu liwe hapana.

Ngedere mmoja akawekwa kuingiza miwa, na Nguchiro akapelekwa kukoroga karai kwa mkono wa kushoto, karibu na ukuta wa matete. Siku ya sita akasikia sauti nzito upande wa pili.

"Mwanangu Punda, unajua mimi sipendi umbea. Umbea naukataa kabisa. Lakini Nguchiro anasema anakuombea upofu."

Mwiko ukasimama karaini. Siku zote sita Nguchiro hakuwa amesema neno na kiumbe yeyote, ila kuugulia. Akarudi nyuma kifikra, bibi kizee, kupe, kikao cha kwanza, kikao cha pili. Akaona mkono wa nani ulipanda kila kitu.

Hapo angeweza kuweka mwiko chini akatembea hatua kumi. Angesema, "Sahibu, tumedanganywa," na ngano yangu ingeisha hapo, nanyi mngekwenda kulala mapema. Lakini Nguchiro alikuwa mjanja, na mjanja haipendi njia fupi. Tena niwaambie kweli, aliogopa. Akimfuata Punda atauliza, na akiuliza atajibiwa. Kumshinda Kiboko kulikuwa rahisi zaidi.

Ikafika siku ya kuonja, mwisho wa msimu. Ilikuwa desturi ya mto mzima. Kanga waliopalilia miwa, ngedere walioibeba, wote huja kulamba sukari mpya mbele ya kinu. Alfajiri ile Nguchiro alichota uji wa karai ulipofika kwenye ulimbo, kabla haujakauka. Akauviringisha, akauviringisha, mpaka ukawa bonge la kutosha beseni. Akaligaragaza kwenye unga wa sukari kavu. Nje likawa sukari guru ya kawaida, ndani ni ulimbo mtupu.

Watu walipojaa akasimama. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nina kesi. Ni kubwa kuliko zote ulizopata kuamua."

Macho ya Kiboko yakang'aa. "Kubwa kiasi gani?"

"Kiasi hiki." Na ngedere wawili wakalileta lile bonge.

Kiboko hakuuliza mshitakiwa ni nani. Aliachama, akalitia lote. Ngwamu. Ngwamu. Ngwa. Nnn.

Meno ya juu yakashika, meno ya chini yakashika, ulimi ukazama katikati ukabaki humo.

"Ahsante, Mzee, umelainika," akasema Nguchiro, akawageukia watu. "Jamani, sheria ya kikao hiki mnaijua?"

Kanga wakajibu kwa pamoja, "Anayeulizwa mara tatu asijibu amekubali!"

"Namshitaki Kiboko. Mzee, ulimwambia Punda kwamba mimi nimemwita bibi kizee, nami sikusema?"

"Nnn!"

"Moja!" wakahesabu kanga.

"Ulimwambia?"

"Nnn! Nnn!"

"Mbili!"

"Ulimwambia?"

Kiboko akatingisha kichwa mpaka mate yakaruka, lakini sheria yake ilitaka neno.

"Tatu! Amekubali!"

"Uliniambia mimi kwamba Punda ameniita kupe, naye hakusema?"

"Moja! Mbili! Tatu! Amekubali!"

"Sukari ya ghalani, jasho letu sote, unaila wewe peke yako mchana?"

"Moja! Mbili! Tatu! Amekubali!"

Ngedere wakavunja mlango wa ghala, wakakuta sakafu tupu. Ndipo ghadhabu ikawapanda. Wenye mabua wakashika mabua, wenye midomo wakatumia midomo, wakamtandika na kumdonoa. Kiboko akatimua mbio, dub, dub, dub, mpaka mtoni, chubwi! Hakurudi tena. Mpaka leo anashinda majini akijisukutua, na mara kwa mara mnamwona ameachama kinywa kizima kuelekea mbinguni. Mnasema anapiga miayo. Anajaribu kubandua ulimbo.

Watu wakamfuata hadi kingoni wakimzomea, kwa vigelegele na vumbi. Mbele ya kinu wakabaki wawili.

Punda alikuwa bado amefungwa kwenye boriti, hakuna aliyekumbuka kumfungua. Nguchiro akatembea zile hatua kumi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya matusi. Akamfungua kamba kwa mkono wa kushoto na meno.

"Sahibu, umesikia? Yote yalikuwa ya Kiboko."

"Nimesikia."

"Mimi sikukuita bibi kizee."

"Na mimi sikukuita kupe."

"Hapana."

"Hapana, sahibu."

Wakacheka kidogo, kicheko kilichokaa ndani muda mrefu kikaota kutu. Nguchiro angeishia hapo. Mimi ningeishia hapo, nawaapia. Lakini moyo ulikuwa mwepesi, akaona leo ni siku ya kumaliza yote.

"Basi nipumzishe na hili moja," akasema. "Siku ile nilipokuita mara ya kwanza. Kinu kilikuwa na kelele, sivyo?"

Punda akaitazama boriti. Masikio yake yakalala.

"Nilisikia," akasema.

Nguchiro akaiacha kamba ianguke.

"La kwanza nililisikia vizuri, sahibu. Nikasema moyoni, na aite tena, naye aonje kuita asiitikiwe. Nilitaka uite mara mbili tu. Sikujua kwamba kidole hakina nafasi ya mara mbili. Siku ya kikao nilifungua kinywa nikuambie, Mzee akanijibia. Nikaona afadhali. Nimekaa na ile afadhali mpaka leo."

"Kiboko alikudanganya," Nguchiro akasema haraka. "Ni Kiboko yule."

"Alinidanganya habari ya maneno yako. Miguu iliyoendelea kuzunguka ilikuwa yangu." Punda akamtazama. "Nawe ulikuwa nami hatua kumi. Kwake ulikwenda kila wiki na kibonge mkononi. Kwangu hukuja kuniuliza hata mara moja."

 Kichwani mwa Nguchiro ule ukelele wa kwanza ulikuwa ukilia upya, na safari hii aliuona ukimfikia Punda, ukiingia sikioni, na mguu ukipiga hatua nyingine. Alihisi uchungu ule ule wa kinu, na mkono haukuwa kinuni.

Akageuka, akatazama mtoni. Kule katikati ya maji Kiboko alikuwa ameachama, anakohoa povu. Na Nguchiro, aliyemshinda mbele ya mto mzima, akatamani yule mwongo ateme sukari yake, apande kingoni, aseme kwa sauti yake nzito kwamba kinu kina kelele, kwamba Punda hakusikia, kwamba kesi imekwisha. Angemwamini. Angempa na kibonge.

Punda aliondoka jioni ile kwa njia ya juu, bila kamba shingoni. Hawakugombana na hawakuagana.

— Ngano yangu nimeikamua, haina maji tena!

— Na makapi?

— Nawaachieni nyinyi, mwenye ng'ombe na azoe!

— Tumezoa!

Eti funzo? Nilijua mtaliuliza. Funzo ni hili, lisikieni vizuri, mkawafundishe na wenzenu kazini. Ukikosana na mwenzako, usimwendee, hata kama mko hatua kumi. Mtu mwenyewe atakwambia ukweli, na ukweli una faida gani? Nenda kwa mkubwa, yeye atakuambia kinu kina kelele, na utalala usingizi. Ila usiende mikono mitupu.

Mimi mwenyewe nasuluhisha. Haya, nani kaja na ugomvi wake? Asogee, na alichobeba akiweke hapa mbele. Nimesema sana leo, ulimi umenikauka.